Enesi Ataondoka Ijumaa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mengi yameshafungiwa karanga. Nitakupa kwa kifupi.

Naitwa Enesi Jairo Nzunda. Ni muuguzi mwenye leseni, tena leseni mbichi, haijatimiza mwaka. Kwetu ni Igamba, Mbozi, kwenye kahawa. Miezi minane sasa najitolea kwenye zahanati moja ya mtu binafsi hapa Tunduma, nikisubiri ajira ya serikali ambayo kila mtu alishaniambia haitakuja.

Ndipo akatokea Madam Imelda, mama mwenye ofisi Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, anayetafutia wauguzi kazi Uarabuni. Alinipatia mkataba wa hospitali kubwa, wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Majuma matatu yaliyopita nikampelekea bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vyote halisi, na pasipoti juu yake. Nilipotoka tu ofisini kwake, woga ukanishika. Nikampigia simu nikamwomba muda wa kufikiri. Akanipa hadi Ijumaa ya juma hili, kwa sababu ndege ya Lusaka haimngoji mtu.

Woga wenyewe nilikwishawasimulia. Lusungu, tuliyesoma naye, alitangulia huko mwaka jana kwa njia zake. Anasema yuko salama. Lakini kila akinipigia simu anakuwa chooni, ananong'ona, na bomba la maji amelifungua. Nikimuuliza kwa nini chooni, ananiuliza habari za mvua. Yale maji yananitisha kuliko maneno yoyote ambayo angesema.

Mimi ni mwoga, sikatai. Nikienda naogopa, nikibaki naogopa. Hapo ndipo tulipoachana.

Jumatatu nilikuwa nafunga kidonda cha dereva wa lori aliyekatwa na bati mguuni. Faudhia, muuguzi mwenzangu tunayejitolea naye, akatokea dirisha la dawa, simu mkononi, uso umemkauka.

"Wewe unaitwa Enesi Jairo?"

"Faudhia, miezi minane tunakula sahani moja, leo ndiyo unaniuliza jina?"

"Nijibu kwanza."

"Ndiyo."

"Majina ya ajira yametoka. Mimi sipo. Wewe upo."

Bandeji ilinitoka mkononi ikabingirika mpaka mlangoni. Dereva akaniangalia. "Hongera sana, nesi," akasema. "Lakini nimalizie mguu wangu."

Nikammalizia, sijui hata nilifungaje. Kisha nikaishika simu nikajisomea mwenyewe. Nzunda, Enesi Jairo. Halmashauri ya Momba, kituo cha afya, Msangano.

"Msangano ni kwetu," Faudhia akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ingawa alijitahidi. "Joto, mbu, na masika barabara inakatika. Ila kazi ipo. Wanawake wanajifungua kule kila siku na wa kuwapokea hayupo. Nenda, Enesi. Achana na habari za Waarabu."

Nilitaka kumkumbatia. Nikasoma mstari wa chini. Aripoti ndani ya siku kumi na nne, akiwa na vyeti vyake halisi.

Nikamrudishia simu yake.

"Vyeti viko wapi?" Faudhia akauliza. Ananijua.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Nakonde. Kwa Madam."

"Halisi? Siyo kopi?"

Nikaenda kuiokota bandeji mlangoni.

"Dawa unaisoma lebo mara tatu," akasema. "Ukiitoa kabatini, ukiivuta kwenye sindano, ukiirudisha. Huyo mama ulimsoma mara ngapi?"

Nilimpigia Madam Imelda mara sita, haikupokelewa hata moja.

Jumanne nikavuka.

Hapa niseme jambo, mtanicheka. Sisi watu wa Tunduma hatuna adabu na mpaka. Mtu wa kwingine akienda Zambia anaaga, anafungasha, anaombewa. Sisi tunakwenda kununua sabuni na tunarudi chai haijapoa. Siku ile nilipopeleka bahasha, nilipita uchochoro wangu wa kila siku, kandambili miguuni, pasipoti nimeibana kwapani. Muhuri wa kutoka sikugonga. Muhuri wa kuingia sikugonga. Wala halikunijia kichwani kwamba pasipoti inagongwa muhuri kwenda Nakonde. Niliiona ni kitu cha ndege.

Lishikeni hilo, litarudi.

Ofisi ya Madam Imelda iko nyuma ya duka la vitenge. Ni mama wa makamo, Mtanzania aliyelowea kule, na amewahi kuwa muuguzi. Mpaka leo anabandika kifuani ile saa yetu inayoning'inia kichwa chini.

"Mwaiseni, sista," akanikaribisha kama wenyeji wa kule wanavyokaribisha. "Kaa."

"Sikai, Madam. Nimekuja kuchukua vyeti vyangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilipanga kugomba, nikishindwa nilie, nikishindwa nilale mlangoni. Yeye akavuta droo, akatoa bahasha ya kaki, akaniwekea mezani.

Hivyo tu.

Nikaitoa karatasi moja moja. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, stashahada, leseni. Nikarudia. Nikarudia tena mara ya tatu, maana maneno ya Faudhia yalikuwa bado masikioni. Vyote vilikuwepo, havina hata mkunjo.

"Na pasipoti?"

"Kopi za vyeti zilishakwenda hospitali. Pasipoti iko kazini."

"Madam, mimi sisafiri. Nimepangiwa Msangano."

"Nimesikia. Hongera. Serikali ina pensheni, usiiache." Alikuwa anatabasamu. "Nenda Msangano, mwanangu."

"Basi naomba na pasipoti yangu."

"Enesi, hujanielewa. Wewe nenda Msangano. Enesi Nzunda ataondoka Ijumaa."

Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Akanieleza taratibu kabisa, kama anavyoelezwa mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Aliahidi wauguzi sita. Wakiwa watano, mkataba wote unavunjika. Mimi nilipoanza kusitasita, alitafuta kwenye fomu yangu mtu niliyemwandika kuwa ndugu wa karibu, akampigia.

"Ulimpigia mama yangu?"

"Mama yako ana akili kukushinda," akasema, akanigeuzia simu yake.

Kwenye kioo alikuwepo mdogo wangu Rozi. Amevaa sare yangu nyeupe ya chuoni. Nywele amesukwa mistari ile ile niliyosuka mimi siku ya kupiga picha ya pasipoti. Watu wamezoea kutuita mapacha ingawa tumepishana miaka miwili, na hilo nimelifurahia maisha yangu yote mpaka Jumanne ile.

"Ungegonga muhuri siku ile ulipokuja, ningekwama," Madam Imelda akaendelea. "Ingeonekana Enesi ameshatoka, na aliyetoka hawezi kutoka tena kabla hajagonga wa kurudi. Hukugonga. Pasipoti yako safi kama siku iliyotolewa."

"Rozi hajawahi kushika sindano, Madam."

"Watamfundisha."

"Hawatamfundisha. Karatasi zitasema anajua. Wewe umekuwa muuguzi, unajua watamwachia wodi siku ya kwanza."

Hapo akainamisha macho kwenye saa yake.

"Kashitaki," akasema mwishowe. "Polisi si mbali. Ila ukumbuke, aliyeweka sahihi kwenye karatasi ya kuomba Rozi asafiri kwa jina lako ni mama yako mzazi. Jina langu haliko popote."

Nilirudi Tunduma sikumbuki hata nimepita wapi.

Nataka mjue kwa nini niliogopa namna ile. Haikuwa kwa ajili ya jina peke yake. Kuna jambo sijawahi kulisema, hata Faudhia halijui, leo nalisema mbele ya watu wote.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye wodi ya watoto, nilivuta dozi ya mtoto wa kitanda cha nne nikampelekea wa kitanda cha tano. Nilimuuliza mama yake, "Huyu ni Brayan?" Akasema ndiyo. Kumbe wote wawili walikuwa Brayan, na yule wa tano alikuwa nusu ya uzito wa mwenziwe. Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi msimamizi aliponidaka mkono. Hakunigombeza. Alinipeleka kando akaniambia, "Usimuulize mgonjwa wewe ni fulani. Aliyechoka ataitikia jina lolote. Muulize jina lako nani, alitaje mwenyewe, lote, na la baba yake."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyouliza. Na mimi nilikuwa nimesoma mwaka mzima na zaidi, nikakaribia kuua. Rozi hajasoma hata siku moja.

Jumatano nikaenda Igamba.

Mama alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa, anatupa mbovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Rozi yuko wapi?"

"Si nilikwambia yuko Ikinga, kwa shangazi yako."

"Mama."

Akageuza kahawa. Akatupa moja, akatupa ya pili.

"Mungu ametuona," akasema bila kuinua uso. "Wewe umepata serikali, yeye amepata Uarabuni. Na wewe ulikuwa huendi. Cheti kingekaa bure."

"Ni cheti changu, mama."

"Ni cha nyumba hii. Wewe ulipokuwa darasani, nani alikuwa anachuma hii kahawa? Jembe mmoja akiliweka chini, mwenzake analiokota analima. Hakuna anayeuliza la nani."

"Wale ni watoto njiti. Mtoto mwenyewe anaenea kwenye kiganja. Rozi atawaua bila kujua."

"Rozi ana akili."

"Alifeli kidato cha nne."

Hapo ndipo aliponitazama. "Alifeli kwa sababu nilikuwa nimelala miezi minne sijiwezi. Nani alikuwa ananigeuza kitandani, ananiosha, ananilisha? Wewe ulikuwa chuoni unajifunza uuguzi. Yeye alikuwa hapa anaufanya."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikaa juu ya debe, kwa sababu yalikuwa kweli.

"Mama, watamfunga," nikasema. "Na mimi watanifutia leseni na ajira. Jina moja haliwezi kuwa Msangano na Uarabuni."

"Baba yako alikula kwa cheti cha kaka yake miaka kumi na minane. Nani alikufa?"

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Baba yangu Jairo?"

"Jairo alikuwa baba yako mkubwa." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Alimaliza chuo cha kilimo akafa kabla hajapangiwa kituo. Baba yako alikuwa Osea. Wazee wakakaa, wakampa vyeti vya marehemu, akawa Jairo, akawa bwana shamba. Kwa jina hilo amekula, amenioa, amewazaa ninyi. Wewe mwenyewe unatembea na jina la marehemu."

Msomaji, kuna mambo ukiambiwa, kila kitu cha zamani kinajipanga upya. Nikakumbuka mwaka ule wa uhakiki wa vyeti, serikali ilipokuwa inawafukuza kazi wenye vyeti feki, mimi nikiwa kidato cha pili. Baba alirudi nyumbani saa sita mchana akikokota baiskeli, mabuti ya kazini ameyafunga nyuma. Alisema amestaafu. Niliuliza kwa nini hawakumfanyia sherehe, mama akanifinya. Tangu hapo baba hakutia mguu kanisani. Alikuwa akiitwa jina lake na watu barabarani, haitiki mara ya kwanza. Hakumaliza miaka miwili akafa, na sisi tukaambiwa ni presha.

"Kwa hiyo unajua yanavyoishia," nikamwambia mama. "Unajua, na bado umemtuma Rozi."

"Baba yako alisemwa. Asingesemwa, angestaafu kwa heshima. Mtu wa ukoo huu, aliyekula ugali wangu, ndiye aliyekwenda kusema, na mpaka leo simjui." Akaacha kahawa kabisa, akaja akasimama mbele yangu. "Sasa niambie, Enesi. Wewe utamsema mdogo wako?"

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ikiwa nguo yenyewe ni mama yako mzazi.

Niliondoka Igamba bila kuaga vizuri. Nilipofika barabarani nikageuka nyuma, mama alikuwa bado amesimama pale pale, mkono kichwani.

Alhamisi nilikwenda kazini kwa mazoea tu. Simu ya Rozi ilikuwa imezimwa. Mara mbili niliandika jina la mgonjwa mmoja kwenye kadi ya mwingine, Faudhia akanivua glavu akanikalisha.

"Nenda ukaseme," akaniambia baada ya kumweleza yote.

"Nikisema, mama anafungwa. Rozi anafungwa."

"Ukinyamaza, kuna mtoto wa mtu atakufa."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja woga uishe, nao haukuisha. Lakini kufika jioni nikawa nimeliona tundu moja la kupitia. Nitakwenda mimi. Pasipoti ni yangu, mkataba ni wangu, sura ni yangu. Nikienda mimi, Rozi anarudi nyumbani, mama hana kesi, na wale watoto watapata muuguzi wa kweli. Atakayeumia ni mimi na Msangano yangu, na hilo bomba la maji la Lusungu nitakwenda kulisikiliza mwenyewe.

Nilimwambia Faudhia. Alinishika mkono.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa kituo cha mpakani, siyo uchochoroni, mbele kabisa, mahali ambapo maisha yangu yote sijawahi kupanga foleni. Begi dogo mgongoni, bahasha ya kaki ndani ya begi.

Rozi alikuwa wa tano kutoka dirishani. Amevaa koti langu la bluu nililolitafuta kabatini tangu Pasaka.

Nikamshika mkono. Hakushtuka.

"Nilijua utakuja, dada," akasema.

"Toka kwenye foleni."

"Siwezi. Dada, nimekariri. Daftari zako zote nimezisoma, zile ulizoacha kwenye sanduku la bati. Niulize chochote."

"Rozi, tusicheze."

"Niulize."

Nikamuuliza. Mungu anisamehe, kuna sehemu ya moyo wangu ilitamani ajue. "Mtoto njiti anapumua mara ngapi kwa dakika?"

"Ishirini," akajibu haraka. "Kumi na mbili mpaka ishirini."

"Hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto mchanga ni arobaini mpaka sitini. Anayepumua mara ishirini anakufa, Rozi. Wewe utamtazama anakufa na utaandika hajambo."

Macho yakamjaa maji. Foleni ikasogea. Sasa alikuwa wa tatu.

"Nipe pasipoti," nikamwambia. "Nimeamua. Nakwenda mimi. Wewe rudi kwa mama."

Akatikisa kichwa.

"Rozi, nipe."

"Umechelewa, dada. Juma lililopita sikuwa Ikinga. Madam alinipitisha uchochoroni akanipeleka Lusaka, nikaweka vidole kwa ajili ya viza." Akanifunulia kiganja chake, kigumu kwa jembe, vidole vitano wazi. "Vilivyo kwenye viza ni hivi. Ukienda wewe, wakikuwekea mashine uwanjani kule, feki utakuwa wewe."

Nilisimama na jina langu mwenyewe nikiwa sina haki nalo.

"Basi rudi," nikanong'ona. "Rudi tu. Tuache yote. Tuiache na pasipoti."

"Madam yuko ng'ambo pale, anatuona. Amesema nikirudi nyuma atapeleka ile karatasi ya mama polisi." Alikuwa amenishika sasa yeye, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika tukiwa wadogo tukivuka mto. "Dada, na mimi naogopa. Nilimwambia mama siogopi. Nilimdanganya."

Aliyekuwa mbele yake akagongewa muhuri akaondoka.

"Wewe wa koti la bluu," ofisa akaita. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imemshuka puani. "Sogea, mwanangu, usitucheleweshe."

Rozi akasogea. Nikasogea naye, kwa sababu hakuuachia mkono wangu. Akaipitisha pasipoti dirishani. Ofisa akaifungua, akatazama picha, akamtazama Rozi, akatazama picha tena. Nilidhani atamuuliza wewe ndiye Enesi, Rozi aseme ndiyo, mambo yaishe.

Hakuuliza hivyo. Aliuliza kama nilivyofundishwa mimi.

"Jina lako nani?"

"Enesi Jairo Nzunda," Rozi akasema, haraka, kama mtoto anayetaja aya ya Jumapili.

Ofisa hakugonga muhuri. Akaishusha miwani kabisa. Macho yake yakahama kutoka kwa Rozi yakaja kwangu, yakashuka kwenye mikono yetu iliyoshikana, yakapanda tena usoni kwangu, na hapo yakatulia. Aliyepigwa picha ile ni mimi.

"Na wewe dada uliyemshika mkono," akasema. "Hebu sogea hapa kwenye mwanga."

Nikasogea. Begi lilikuwa mgongoni, leseni yangu ikiwa ndani. Upande wa pili wa kizuizi Madam Imelda alikuwa ameshuka kwenye gari, simu sikioni. Vidole vya Rozi vilikuwa ndani ya vyangu, au vyangu ndani ya vyake.

"Jina lako nani?"

Swali hilo nawauliza watu arobaini kwa siku, na huwa nawaambia wasiogope, walitaje lote, na la baba.

Ofisa akaufunika muhuri wake.

"Nakusikiliza," akasema.